Mshono Usiokatika

Fundi aliugonga mlango wa lile gari jeupe kwa vifundo vya vidole, mara mbili, kama mtu anayechagua tikiti maji, kisha akamgeukia mkwe wake kwa huruma ya kweli.

"Bati hili," alisema.

Yeye magari aliyajua kwa ndani. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amepiga magoti ndani ya magari ya watu, akivua viti nguo zake na kuvivisha upya, na kwenye ukuta wa karakana yake aliandika kwa rangi nyekundu, kwa mkono wake mwenyewe, MSHONO WANGU HAUKATIKI. Hakuna aliyewahi kumbishia. Magari yalichakaa, yakauzwa vipande vipande, lakini mishono ya Fundi ilikutwa imekaa vilevile. Kumiliki gari hakuwahi, hata moja, na huenda ndiyo maana maoni yake juu ya magari yalikuwa makali kiasi kile.

La pili pale kwenye yadi ya kuuzia magari, la buluu, aliligonga pia. Hili lilijibu kwa sauti nzito zaidi, na mbele lilikuwa na ngao ya chuma ambayo mmiliki wake wa kwanza aliifungisha. Fundi aliishika ile ngao, akaitikisa, ikagoma kutikisika. Kwake yeye shughuli ilikuwa imekwisha.

Binti yake ndiye aliyekuja na daftari. Alikuwa mkunga, na jina la kazi lilimganda hata nyumbani; majirani walimwita Mkunga, mumewe alimwita Mkunga akitaka kumtania, na Fundi alimwita hivyo akitaka kujivuna. Alikuwa amepiga mstari katikati ya ukurasa, jeupe huku, buluu huku. Magari yenyewe yalikuwa ya umbo moja, madogo, yameinuka kidogo kutoka ardhini, magari ya watu wanaopenda kuonekana wanakwenda porini ilhali wanakwenda kazini na sokoni. Tofauti zilikuwa ndani, na ndizo alizoziandika: mifuko ya hewa ni mingapi na iko wapi, breki zisizoacha gari liserereke, mikanda ya nyuma, vishikizo vya kiti cha mtoto, na nyota ngapi gari limepewa na wale watu ambao kazi yao ni kuyagongesha magari ukutani makusudi ili waone yatakavyokuwa. Hapo Fundi alicheka mpaka akajifuta macho. Alitaka kujua kazi hiyo inaombwa wapi.

Mkunga hakucheka. Wodi yake ilikuwa ya wazazi, lakini ili aifikie ilimbidi apite kwenye ukumbi wa majeruhi, asubuhi akiingia na jioni akitoka. Mtu akipita pale kwa miaka tisa hawezi tena kuchagua gari kwa rangi wala kwa redio.

La buluu lilikuwa na mifuko miwili ya hewa, yote ya mbele. Jeupe lilikuwa na minne: miwili ya mbele, na mingine miwili imefichwa ubavuni mwa viti vya mbele, upande wa mlango. Pale ulipolala mfuko, palishonewa lebo ndogo ya kitambaa yenye maandishi ya kigeni. Mkunga alimwita baba yake aione.

"Mfuko wa upepo," alisema Fundi. "Lori likija, upepo utalizuia nini?"

"Hauzuii lori, Baba. Unazuia mlango usifike kwenye mbavu."

"Mchagua jembe si mkulima," alisema Fundi, akaenda zake kukaa kivulini.

Akabaki mkwe. Huyu Fundi alimwita Bwana Mita, kwanza kwa kazi yake ya kupita nyumba kwa nyumba akisoma mita za maji, na pili kwa sababu hata neno alilipima kabla ya kulitoa. La buluu lilikuwa rahisi, wangeweza kuondoka nalo siku ileile. Jeupe lingewataka wasubiri na kujibana miezi mitano mingine. Alimtazama Fundi kule kivulini, akaitazama ngao ya chuma, akaangalia viatu vyake.

"Sema wewe," mkewe alimwambia. "Usimwangalie baba."

"Jeupe," alisema Bwana Mita.

Neno moja tu, lakini lilifika mpaka kivulini, na kwa wiki tatu Fundi hakuzungumza na mkwe wake ila salamu.

*

Walilichukua gari baada ya miezi mitano. Kitabu chake kilikuwa kwenye kidroo mbele ya abiria, kinene na kizuri, kwa lugha ambayo hakuna mtu katika ukoo mzima aliyewahi hata kuisikia ikisemwa. Mkunga alikitazama picha, akakirudisha.

Jumamosi moja Fundi akafika amejitwika furushi begani. Hakuomba radhi, maana hakuwa mtu wa kuomba radhi. Alisema tu kwamba mtoto anakula biskuti garini na viti vitachafuka. Ndani ya furushi mlikuwa na ngozi ya kahawia, ngozi hasa, laini, ambayo mkewe alimwona akiitunza juu ya kabati kwa miaka mingi akisema inasubiri kazi ya maana. Wateja wakubwa waliwahi kuitaka wakaambiwa si ya kuuza. Sasa aliitandika juu ya kiti cha dereva cha lile bati, akaanza kuipima kwa chaki.

Alifanya kazi kutwa. Makava ya kuvalisha na kuvua aliyadharau, alisema hayo ni fulana. Lake lilishonwa likiwa juu ya kiti, kwa sindano iliyopinda, uzi mara mbili uliopakwa nta, likabana mpaka ukadhani kiti kilizaliwa nalo. Ubavuni palimsumbua. Ile lebo ndogo ilifanya uvimbe chini ya ngozi na kuharibu mstari. Akatoa wembe mdomoni, akaikata, akaitumbukiza kwenye mkebe wake wa vifungo, maana hakuwa mtu wa kutupa kitu. Kisha akapitisha mshono hapo, mkubwa, wa kwenda na kurudi, kuanzia juu mpaka chini.

Bwana Mita alikuwa amekuja na kikombe cha chai. Aliuona wembe, akaiona lebo ikiingia mkebeni. Aliukumbuka ukurasa wa daftari. Kuna swali lilimfika kooni, nalo lilikuwa fupi, lisingechukua pumzi mbili. Lakini Fundi alikuwa anaimba kwa pua, mara ya kwanza tangu siku ya yadi, na swali lile lingesikika kama yale yale ya mifuko ya upepo, ugomvi upya, wiki nyingine tatu za salamu kavu. Tena pengine lebo ni lebo tu. Akalimeza.

"Limekaa vizuri, Baba," alisema.

"Mshono wangu haukatiki," alijibu Fundi bila kuinua kichwa. "Kaa hapo unywe na wewe chai yako, mkwe wangu. Unasimamasimama hivyo kama umekuja kusoma mita."

Mkunga alirudi kazini jioni, amechoka, akafungua mlango wa gari akaona. Alikaa kwenye kile kiti na sare yake ya kazi, akakipapasa ubavuni kwa kiganja, juu chini. Alimjua baba yake. Alijua kwamba huo ndio msamaha wenyewe, na kwamba hautatamkwa kamwe kwa namna nyingine. Alilia kidogo, na Fundi akajifanya anatafuta sindano iliyopotea.

*

Lori lilikuwa la mchanga, na breki zake zilikufa kwenye mteremko unaoingia barabara kuu karibu na kinu cha nafaka. Mkunga alikuwa na haki ya kupita. Lilimpata mlangoni, upande wake.

Mtoto hakuwemo. Binti yao wa miaka sita, ambaye wote walimwita Kasuku kwa sababu neno likiingia sikioni mwake halilali humo, alikuwa kwenye ngazi za shule akimsubiri mama yake. Wenzake waliondoka mmoja mmoja. Mwalimu aliyebaki naye alikuwa akimlalamikia mlinzi juu ya wazazi wasiojali muda, na akaendelea kulalamika mpaka alipomwona Bwana Mita akiingia getini kwa miguu, na sare yake ya kazi, bila daftari la mita, akitembea kama asiyejua mguu upi unafuata.

Mkunga alifia kwenye ule ukumbi aliokuwa akiupita mara mbili kwa siku. Waliomvua sare walikuwa wenzake. Walimkabidhi mumewe ile saa ndogo ya kubana kifuani ambayo wakunga huhesabia mapigo ya moyo, nayo ilikuwa bado inakwenda.

Msibani watu walisema lile linalosemwa. Kila aliyeingia alimshika Fundi mkono akamwambia ajali haina kinga, mzee, ajali haina kinga. Alivumilia wa kumi na wa ishirini. Halafu akasimama katikati ya watu, mtu ambaye hakuwa amelia tangu asubuhi, akasema ajali ina kinga. Kinga ni chuma. Alisema alimwonyesha mkwe wake gari la chuma, akaligonga mbele yake wote wakasikia, naye akamnunulia mwanawe bati lililojaa upepo.

Bwana Mita alikuwa amekaa mkekani hatua chache kutoka hapo, na aliyekuwa amekaa karibu naye alisogea kidogo, si sana, kiasi cha kiganja.

Mtoto alilala kwa babu na bibi yake siku za msiba, na msiba ulipokwisha akaendelea kulala huko. Bwana Mita alikuwa akienda kumwona kila jioni akitoka kazini. Alikaribishwa kwenye benchi la nje la karakana, lile la wateja wanaosubiri, na Kasuku aliletwa hapo akae naye. Mama mkwe alimtolea maji ya kunywa. Fundi alipita mbele yake akiingia na kutoka, na Bwana Mita alimwamkia akaitikiwa, basi. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa shuka. Tangu mazishi Fundi hakuwa ameshona hata kifungo.

*

Jumatatu ya wiki ya tano baada ya mazishi Bwana Mita aliitwa yadi ya polisi kuchukua ripoti kwa ajili ya bima. Mkaguzi wa magari alikuwa mtu mzima, mwenye kalamu sikioni na adabu ya watu waliozoea wafiwa. Hakumpa karatasi moja kwa moja. Alimuuliza kama ana nguvu ya kuliona gari, na Bwana Mita alipotikisa kichwa kukubali, akampeleka mpaka mwisho wa yadi.

Mlango ulikuwa umeng'olewa ili wamtoe. Kiti kilionekana wazi, ngozi ya kahawia, na ubavuni mwake palikuwa pamevimba, uvimbe mrefu kuanzia bega mpaka kiuno, ambao siku ile ya chai haukuwepo. Mshono ulipita juu ya uvimbe huo kutoka juu mpaka chini. Hakuna hata tundu moja lililoachia.

"Mfuko ulifyatuka kama ilivyotakiwa," alisema Mkaguzi. "Ila ulikosa pa kutokea. Hapa hapashonwi, ndugu yangu. Hapa huwa na lebo inayosema pasishonwe."

Bwana Mita alimuuliza kama ungetoka angepona. Mkaguzi aliinama akakitazama kiti. Alisema mlango uliingia sana. Amewahi kuona mtu akipona kwa pigo kama lile akatoka na mbavu tatu zilizovunjika, na amewahi kuona mtu mwingine mfuko umefunguka vizuri na bado hakuamka. Hawezi kuapa. Alichoweza kusema ni kwamba gari lilifanya sehemu yake.

"Huyo fundi unamjua?"

"Namjua."

"Mwambie. Asije akamshonea mwingine."

Bwana Mita aliikunja ripoti mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa shati, na siku ile alisoma mita za mtaa mzima bila kukosea tarakimu hata moja. Mwili ulifanya kazi wenyewe. Kilichokuwa kikimrudia kichwani si mshono, kwa kuwa mshono ni wa Fundi na Fundi hakujua. Kilichomrudia ni kikombe cha chai, na yeye amekishika.

*

Kikao kiliitwa Jumapili. Kaka mkubwa wa Fundi, ambaye Bwana Mita naye alimwita Baba Mkubwa, ndiye aliyekiongoza, akikaa kwenye kiti pekee chenye mikono. Jambo lilikuwa moja: mtoto atakaa wapi.

Fundi alisema kwa utaratibu, maneno aliyoyapanga siku nyingi. Hana ugomvi, alisema. Lakini mtu huchagua kwa akili aliyonayo, na aliyeshindwa kumchagulia mke gari atamchagulia mtoto nini? Atakula nini, atavuka barabara ipi, atapanda gari gani? Yeye alidhani amepata mwana, akamfungulia mlango. Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako. Mjukuu wake atabaki pale.

Mkono wa Bwana Mita ulikwenda kwenye mfuko wa shati. Ilikuwa Jumapili na shati lilikuwa jingine, lakini karatasi alikuwa ameihamisha, kama alivyokuwa akiihamisha kila asubuhi. Aliigusa. Ilikuwa pale, na muhuri wake. Angeiweka mezani tu, hata kusema asingehitaji kusema, na angeondoka na mwanawe mkononi kabla chai haijapoa.

"Ripoti ya polisi imeshatoka?" aliuliza Baba Mkubwa.

Bwana Mita aliitazama mikono ya Fundi. Ilikuwa imelala juu ya magoti, na vidole gumba na vya shahada vilikuwa na mifereji ya uzi, myeusi, ambayo sabuni ya miaka thelathini haikuweza kuitoa.

"Bado haijatoka, Baba Mkubwa."

"Una la kusema juu ya mtoto?"

"Sina."

Mama mkwe aliinua macho. Alikuwa ameishi na mwanamume mgumu maisha yake yote na alijua kutofautisha mtu asiye na la kusema na mtu aliyejaa mpaka shingoni. Lakini hakuulizwa, na katika nyumba ile asiyeulizwa hakusema. Iliamuliwa mtoto akae kwa babu yake, na baba awe anamwona Jumapili.

Nje, Kasuku alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja akichezesha miguu. Alimshika baba yake suruali.

"Baba, ni kweli wewe ndiye uliyemnunulia mama bati?"

Alichuchumaa ili walingane. Alitafuta jibu ambalo si uongo na wala si lile jingine.

"Tulinunua wote," alisema. "Mama aliandika kwenye daftari."

*

Mambo yangebaki hivyo, na huenda yangebaki hivyo mpaka mtoto akue, kama Fundi asingeitaka ngozi yake.

Ilimwanza taratibu. Alimwambia mkewe kwamba ngozi ile haistahili kuozea kwenye bati la polisi. Kisha akasema ukweli wenyewe, kwamba mwanawe alikalia ngozi ile mara ya mwisho, na kwamba aliishona kwa mkono, na anaitaka. Gari lilikuwa la Bwana Mita na bila yeye wasingemruhusu kugusa kitu, kwa hiyo ikambidi Fundi aende kumtafuta mkwe wake mitaani. Alimkuta ameinama juu ya mita, akifuta tope kwenye kioo kwa kidole gumba.

Bwana Mita alikataa kwa heshima. Alisema yadi ni pachafu, na jua ni kali, yeye mwenyewe ataenda kuitoa ngozi na kuileta nyumbani.

"Wewe utaichana," alisema Fundi. "Nimeishona mimi, naifumua mimi."

Alhamisi asubuhi Bwana Mita alitangulia mapema. Alimwomba Mkaguzi kwamba mzee anayekuja asiambiwe neno. Mkaguzi alimtazama, akauliza kama ndiye yule fundi, na jibu alipolipata akaitoa kalamu sikioni, akairudisha, akasema yeye leo ana makaratasi mengi ya kujaza ofisini. Bwana Mita alikuwa na mpango mdogo pia. Angeanza yeye na upande wa mlango, kwa kisu, akate ngozi harakaharaka kabla Fundi hajafika. Lakini alipofika mwisho wa yadi Fundi alikuwa ameshaingia kwa geti la nyuma, amevaa aproni yake ya kazi, gunia begani.

"Usiguse," alisema Fundi. "Kaa pembeni."

Alipiga magoti. Kwanza hakufanya kitu, aliweka kiganja juu ya kiti akakiacha hapo. Kisha akatoa wembe, akaanza kama anavyoanza siku zote, kwa vidole, akiufuata mshono kutoka juu ili aujue ulipoanzia. Vidole vilifika kwenye uvimbe, vikasimama. Vikarudi juu, vikashuka tena.

"Hapa sikuacha hivi," alisema.

Bwana Mita alisogea karibu.

"Kuna kitu humu. Hapa palikuwa bapa. Nilipabana mwenyewe." Aligeuka. "Kuna nini humu?"

"Baba, tuondoke. Nitakuletea ngozi."

Fundi alirudi kwenye kazi. Alikata tundu la kwanza, la pili, la tatu. Uzi ulikuwa mara mbili, umepakwa nta, na mshono ulikwenda na kurudi, kwa hiyo kila tundu lilitaka kukatwa mara nne. Jua lilipanda. Bwana Mita alisimama juu yake akimkinga kwa kivuli chake, kwa kuwa hakuona jingine la kumfanyia. Kazi ile ilimchukua Fundi karibu saa nzima, kwa sababu ilikuwa imeshonwa vizuri sana, na kadiri alivyoshuka alizidi kwenda polepole, kama mtu anayesoma barua ambayo ameshaielewa lakini hana budi aimalize.

Tundu la mwisho lilipoachia, ngozi ilifunguka na mfuko ukamwangukia magotini. Ulikuwa mweupe, wa kitambaa, umesokotana na kunuka moshi. Fundi alijua vitambaa. Aliuinua, akaukunjua kwa kiganja, akaupima kwa macho dhidi ya kiti, urefu wake na upana wake, mahali ambapo bega lingekuwa, mahali ambapo mbavu zingekuwa. Ulienea kote. Ulikuwa umekatwa kwa kipimo kizuri.

Wala hakuuliza tena ni nini. Alitazama pale ubavuni ambapo lebo ilikuwa, na mkono wake wa kulia ukafanya kitu kidogo hewani, kama unaotumbukiza kitu kwenye mkebe.

"Ripoti ilitoka," alisema.

"Ilitoka, Baba."

"Kabla ya kikao?"

"Ilikuwa mfukoni."

Fundi alikaa chini kabisa, kwenye vumbi la yadi, mfuko ukiwa mapajani. Alipolia alilia bila sauti, mabega tu, na Bwana Mita aliyekuwa amepanga kunyamaza mpaka kaburini akaona kwamba hawezi kumwacha mzee yule na mzigo huo peke yake. Alipiga magoti karibu naye.

"Nilikuona ukiikata ile lebo," alisema. "Nilikuwa nimeleta chai. Nilitaka kuuliza, Baba. Nikaona umefurahi, nikanyamaza."

Fundi alimtazama kwa muda mrefu, mtu huyu aliyempima siku zote kwa vifundo vya vidole. Hakumwambia kwamba si kosa lake, na Bwana Mita naye hakumwambia hivyo. Waliukunja ule mfuko pamoja, huyu ameshika pembe hizi na yule zile, wakautia kwenye gunia juu ya ngozi.

*

Nyumbani Fundi hakumweleza mkewe chochote, na mkewe alipoliona gunia na sura zao mbili hakuuliza. Fundi aliingia chumbani, akatoa nguo za mjukuu wake moja moja, akazikunja mwenyewe juu ya kitanda, magauni, soksi, sare ya shule. Mkewe alimwona akikagua gauni moja lililofumuka ukosi, akalishika kutafuta sindano, kisha akaliweka chini kama lilivyo.

Alimtoa mtoto nje kwa mkono mpaka kwenye benchi la wateja, Bwana Mita alipokuwa amekaa.

"Unakwenda na baba yako," alimwambia.

"Mpaka Jumapili?"

"Siku zote."

Kasuku alifikiri. Alimtazama baba yake, akamtazama babu yake, kwa kuwa palikuwa na jambo ambalo halijakaa sawa, na yeye mambo aliyasikia yote.

"Lakini si alinunua bati?"

Fundi aliinama akamfunga kamba ya kiatu, ambayo haikuwa imefunguka.

"Halikuwa bati," alisema. "Lilikuwa gari zuri. Mama yako alichagua vizuri."

Bwana Mita alichukua begi kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine, akamuaga mama mkwe, akamwinamishia Fundi kichwa. Walipoingia njiani Kasuku alianza kulirudia lile neno jipya kama desturi yake, akilitia sauti na kulirukia kila hatua, halikuwa bati, halikuwa bati, mama alichagua vizuri, na baba yake hakumnyamazisha. Fundi alibaki mlangoni mwa karakana, mgongo kwenye maandishi yake mekundu, akimsikia mpaka walipokata kona.